Suruali Zilizong'aa

Karani wa mahakama aliingia bila hodi, ameishika suruali yake nyeusi kwa vidole viwili kama mtu anayemtoa panya nje kwa mkia. Akaitandaza juu ya meza ya pasi, akaigeuza mpaka paja likapata mwanga wa mlangoni.

"Mama, niambie wewe. Hii ni suruali au kioo?"

Mke wa dobi akainama. Alikuwa anaomba asione kitu, lakini macho yake yalikuwa mazima. Paja lote lilikuwa na mapande ya mng'aro, pande hapa, pande pale, kama mgongo wa mende aliyetoka kuoga.

"Jana nimesimama mahakamani," karani akaendelea, "wakili mmoja akaniambia nisitikisike kidogo, anataka kuchana nywele. Hakimu akacheka. Hakimu, mama! Mtu ambaye hajacheka tangu avishwe joho."

Kizingitini, mama mkwe alikuwa amekaa na kopo lake la vifungo, anashona kifungo cha shati la mtu. Akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Tusamehe, baba," mke wa dobi akasema. "Iache hapo. Nitaipitishia kitambaa chenye siki, mng'aro utatoka."

"Mumeo alipofungwa plasta ukawa unapiga pasi wewe, nguo zilitoka na mikunjo yake. Sikusema kitu. Nikasema huyu mwanamke anajitahidi, nimvumilie. Sasa fundi mwenyewe karudi mezani ndiyo nageuzwa taa?" Akaelekea mlangoni, akamruka mama mkwe na kopo lake. "Kama kazi imewashinda semeni. Kule barabarani wamefungua duka la mashine. Nguo unaikuta imetundikwa ndani ya nailoni, hata huongei na mtu."

Alipotoka, mke wa dobi akakaa juu ya gunia la mkaa. Hakuumia sana na lile la duka. Lililomkaa kooni ni lile la kuvumiliwa. Miezi yote ile mume akiwa amelala na mguu juu ya mto, yeye ndiye aliyefua, aliyekamua, aliyeanika, aliyebeba pasi ya mkaa asubuhi mpaka jua linazama, hadi bega la kulia likaanza kulia kama bawaba ya mlango. Mpaka leo akitaka kujifunga kitambaa kichwani anainamisha kichwa kiifuate mikono, kwa sababu mikono haikubali tena kukifuata kichwa. Na kumbe muda wote huo alikuwa anavumiliwa.

"Ni ya ngapi hiyo?" mama mkwe akauliza.

"Ya tatu wiki hii, mama. Koti la mwalimu mkuu, sketi ya yule nesi, na hii."

"Mwanangu ana mkono mwepesi tangu utoto. Hata kofi lake lilikuwa haliumi." Bibi kizee akakata uzi kwa meno aliyobakiwa nayo. "Kuna kitu hapo."

Mke wa dobi naye alijua kuna kitu. Alichokosa ni nguvu ya kukitafuta.

*

Dobi mwenyewe mtaani aliitwa Winga. Jina hilo alilipata uwanjani, si mezani, na alilipenda kuliko lile alilopewa na baba yake. Alikuwa mwanamume mfupi, mabinti zake wawili wameshaolewa, nywele zimemwachia paji kubwa, lakini kila Jumapili jioni alivaa jezi namba kumi na moja ya timu ya wazee wa mtaa na kukimbia pembeni mwa uwanja kama mtu anayefukuzwa na mkopeshaji.

Huko ndiko alikoumia, kwenye mechi na madereva wa malori. Alikuwa anaufuata mpira, hakuna mtu karibu, mara akasikia amepigwa teke kisiginoni kwa nyuma. Akageuka amtukane aliyempiga. Hakuna mtu. Beki wa karibu alikuwa mbali kabisa, anafunga kamba za viatu, na hata hivyo Winga alimtukana kwanza ndipo akaanguka. Hospitalini wakamwambia hakupigwa na yeyote. Mshipa mnene wa nyuma ya kisigino, ule unaoinua mguu mtu anapopiga hatua, umekatika wenyewe.

Plasta ilikuja ikaondoka. Kikaja kiatu kirefu kama cha zimamoto, nacho kikaondoka. Sasa Winga alikuwa anatembea vizuri, na tangu arudi kwenye meza ya pasi nyumba ilikuwa imeanza kuwa nyumba tena. Mkewe aliweza kula akiwa amekaa.

Alhamisi ile kepteni wa timu alileta mfuko wa jezi. Kepteni alikuwa muuza nyama, mtu mkubwa mwenye sauti iliyozoea kuita wateja. Jezi zilifuliwa bure hapo nyumbani tangu zamani, kwa sababu dobi alikuwa mchezaji na mchezaji hawezi kuidai timu yake.

"Shemeji, habari za kazi?"

"Nzuri, shemeji. Karibu."

"Sikai. Winga, Jumapili ni madereva. Wamerudi!"

Winga akaweka pasi juu ya kigae chake. "Najua."

Na alijua kweli, maana wote walijua. Ile timu ya wazee ilikuwa na sheria moja waliyoitunga wenyewe na kuiheshimu kuliko sheria za mpira. Mtu akiumia, namba yake haivaliwi na mwingine mpaka timu aliyoumia akicheza nayo irudi kucheza nao. Siku hiyo akikanyaga uwanja, namba ni yake. Asipokanyaga, namba inakwenda kwa mwingine moja kwa moja, na yeye akipona ataanza upya na namba yoyote iliyobaki. Waliitunga kwa ajili ya huruma, ili mtu asiporwe jezi akiwa kitandani. Hawakufikiria kwamba madereva wanaweza kurudi mapema kuliko mguu.

"Kinyozi anaizungukia kumi na moja kama nzi," kepteni akasema. "Nimemwambia tulia, mwenyewe yupo. Au haupo?"

"Nipo."

"Mguu?"

"Hauumi hata kidogo."

"Daktari kasemaje?" mke wa dobi akauliza. Aliuliza akiwa amewapa mgongo, anatoa jezi kwenye mfuko, na harufu ya zile jezi ilimtosha kuwa na sababu ya kukunja uso.

"Daktari alishasema." Winga akajibu haraka. "Kaniambia siku nitakayosimama kwa mguu huu mmoja, nikainua kisigino juu mara ishirini na tano, nimepona. Naipiga ishirini na tano kila siku. Wewe mwenyewe unanisikia nikihesabu."

Ni kweli, alikuwa anamsikia. Kila asubuhi akiwa uani kwenye beseni alimsikia mumewe ndani akipiga pasi na kuhesabu kwa sauti, kwa sababu Winga hakutaka kupoteza muda, alifanya mazoezi na kazi kwa pamoja. Mwanzo alikuwa anaishia tano. Kisha kumi. Wiki iliyopita alipofika ishirini na tano alipiga kelele, na mkewe huku uani aliacha kukamua, akakaa chini, akalia kidogo, akaendelea kukamua.

Lakini alimkumbuka pia huyo daktari mwenyewe, binti wa mazoezi ya viungo wa hospitali, maana siku ile walikwenda pamoja. Binti mdogo, mwembamba, amevaa raba nyeupe. Alikuwa amemwambia Winga arudi akishafika hapo, amwone yeye mwenyewe. Winga akasema haiumi. Binti akamjibu, "Baba, kutouma hakunionyeshi kitu. Mshipa huu unaacha kuuma kabla haujapata nguvu. Ukikimbia nao hivyohivyo unakatika palepale, na safari hiyo tutapasua, na sikuahidi kwamba utasimama siku nzima kama ulivyozoea."

"Alikuambia urudi akuone," mke wa dobi akasema.

"Nikamwonyeshe nini? Mguu ni wangu. Mtoto mdogo yule, hajawahi kupiga hata kona."

Kepteni akacheka, akampiga Winga begani. Mama mkwe akamuuliza kepteni kama ile nyama aliyowauzia juzi ilikuwa ya ng'ombe au ya kiatu, na mazungumzo yakaishia hapo.

*

Kesho yake mke wa dobi alijaribu kuitengeneza suruali ya karani. Alilowesha kitambaa kwa maji na siki, akakitandaza juu ya paja moja, akapitisha pasi kwa juu mvuke ukapanda, akasugua kwa brashi. Ule mng'aro ukaanza kufifia. Akahamia paja la pili, lakini kabla hajaweka kitambaa akajikuta anaitazama.

Mng'aro wa pasi aliujua. Hutokea fundi akisahau kitambaa cha juu, au akiacha mkaa uwe mkali mno. Lakini huo huja kama njia, mrefu, unafuata pasi inakokwenda. Huu haukuwa njia. Ulikuwa mapande, kila pande na mahali pake, na kila moja na umbo kamili la tumbo la pasi, kama mtu aliyegonga muhuri, akasogea, akagonga tena.

Akataka kujua unatokeaje. Akachukua kipande cha kitambaa cheusi, akakiwekea pasi. Hakikung'aa. Akakandamiza kwa mkono, kikang'aa kidogo tu. Akajilaza juu ya pasi na mwili wake wote, bega likampigia kelele, miguu ikataka kuacha sakafu, na alipoinua pasi akalikuta pande lenyewe.

Akakaa juu ya gunia la mkaa.

Asubuhi iliyofuata, Jumamosi, hakwenda kwenye beseni. Alisimama nyuma ya pazia la mlango wa chumbani na kumsikiliza mumewe akianza.

"Moja!"

Meza ikalia.

"Mbili!"

Meza ikalia tena. Miaka yote aliyoishi na ile meza hakuwahi kuisikia ikilia hivyo, maana ilitengenezwa na seremala aliyekuwa na deni la mashati. Akafungua pazia kidogo. Winga alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ule mbovu, mwingine ameukunja nyuma kama kuku anayelala. Mkono wa kushoto umeshika ukingo wa meza, wa kulia umeshika pasi. Akisema namba, mwili unapanda. Kisigino nacho kinapanda, ni kweli kabisa. Lakini mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka, na mikono ilikuwa imenyooka na kukaza kama mikono ya mtu anayejitoa kisimani, na uzito wake wote ulikuwa umeshuka kwenye ile pasi, juu ya gauni jeusi la mke wa mchungaji.

Hakuwa anadanganya. Hilo ndilo lililomfanya mkewe ashike ukuta. Uso wake ulikuwa wa furaha, uso wa mtu anayepona. Miaka yote ya kubeba pasi ya mkaa ilikuwa imempa mikono ya kuinua gunia, na mikono hiyo, kwa mapenzi yake mema, ilikuwa inaubeba mguu juujuu bila kumwambia mwenyewe.

"Ishirini na tano! Umesikia, mama watoto?"

"Nimesikia," akasema nyuma ya pazia.

*

"Ichome," mama mkwe akasema.

Walikuwa uani wawili tu, Winga amekwenda kuleta mkaa. Zile jezi zilikuwa kwenye mabeseni, zimefuliwa, zinasubiri kamba.

"Nichome nini, mama?"

"Hiyo kumi na moja. Nailoni hiyo, ukiiwekea pasi inayeyuka kama siagi. Utasema imeteleza. Mimi nitashuhudia, nilikuwepo, macho yangu hayaoni lakini nilikuwepo."

Mke wa dobi akacheka bila kupenda. Aliifikiria pia, si uongo. Aliishika ile jezi, akaipindua mgongo, akaitazama ile kumi na moja iliyopauka kwa kufuliwa na mikono yake mwenyewe. Kisha akairudisha kwenye maji.

"Nikiichoma atacheza kifua wazi," akasema. "Na nitakuwa nimemchukia bure."

"Basi mwambie."

"Nimwambie mimi? Kamkatalia daktari, atanisikia mimi ninayeunguza ukoko wa sufuria?"

Bibi kizee akatikisa kopo lake, akatafuta kifungo kwa kidole. Halafu akaangalia juu. Aliangalia kwa muda mrefu pale kamba ya kuanikia ilipofungwa, kwenye msumari wa ukutani, na ule msumari mwingine wa zamani uliokuwa juu yake, uliotundikiwa tundu la kuku siku hizo walipokuwa na kuku.

"Mwanangu ni mfupi," akasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. "Amemfuata baba yake."

Mke wa dobi akamtazama mama mkwe wake. Akachukua kigoda, akapanda, na kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia haufiki, akaihamisha kamba.

*

Winga aliporudi na mkaa mkewe alimwambia aanike yeye, bega limeamka vibaya. Hilo halikuwa jipya. Akaanza na jezi ya golikipa. Akanyoosha mkono, kamba haikufikika, akajivuta juu ya vidole vya miguu yote miwili, akaitupia.

"Hii kamba imekazika?"

"Jua," mama mkwe akasema.

Akaendelea. Alijivuta, akatupia, akajivuta, akatupia. Mguu mzima ndio uliokuwa unafanya kazi, na ule mwingine unasindikiza tu, ila ukitazama kwa haraka unaona mtu kasimama kwa vidole vyake kumi. Kumi na moja mkewe alikuwa ameiweka chini kabisa ya beseni la mwisho. Winga alipoitoa alitabasamu, akaikung'uta, maji yakamrukia mama yake.

"Hiyo ianike kwa mguu wa kushoto," mkewe akasema.

"Nini?"

"Kunja huo mzima. Ianike kwa huo unaochezea kesho."

Winga akacheka. Akakunja mguu mzima kama alivyozoea, akainua mikono yote miwili juu na jezi ndani yake, tayari kujivuta.

Hakuna kilichotokea. Mwili ulijaribu. Mabega yalipanda, kidevu kikapanda, vidole vya mikono vikakikuna kile kipande cha hewa kilichobaki kati ya jezi na kamba, na maji ya jezi yakateremka ndani ya mikono ya shati lake mpaka kwapani. Kisigino kilibaki chini kama kifungo kilichoshonwa kwa uzi mara mbili. Akajaribu tena. Akatikisika, akashusha mguu mzima haraka asianguke.

Winga akatazama juu, akaifuata kamba kwa macho mpaka msumarini.

"Umeipandisha kamba," Winga akasema.

"Nimeipandisha."

"Mbele ya mama yangu. Kunidhalilisha."

"Mama yako ndiye aliyeniazima akili," mkewe akasema, na bibi kizee akajifanya anatunga uzi kwenye sindano.

"Mezani naipiga ishirini na tano! Thelathini nikitaka! Hukunisikia asubuhi? Hapa ni maji, jezi ni nzito, sijapasha mwili moto, na wewe..."

Mkewe alikuwa ameshaingia ndani. Akatoka na suruali ya karani, lile paja ambalo hakulisafisha likiwa juu. Akamtandikia juu ya beseni lililofunikwa.

"Ishirini na tano zako hizi hapa. Zihesabu."

Winga alifungua mdomo ajibu. Lakini alikuwa dobi kabla ya kuwa winga, na macho yake yalishafika kwenye kitambaa kabla mdomo haujapata neno. Akapitisha dole gumba kwenye pande la kwanza. Akapitisha kwenye la pili. Akaigeuza suruali kwenye jua, akainusa, akaligusa tena lile la kwanza. Hakuna aliyehitaji kumweleza uzito gani unatoa mng'aro kama ule.

"Sikujua," akasema.

"Najua hukujua."

"Nilikuwa nahisi kabisa mguu unafanya kazi. Wallahi nilikuwa nahisi."

"Baba watoto." Mkewe alitaka kusema mengi. Alikuwa ameyapanga nyuma ya pazia, la karani, la duka la mashine, la bega. Yote yakamponyoka, likabaki moja. "Ukikatika tena, mimi mara ya pili siiwezi."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetaja saa. Winga akamtazama, akatazama namna alivyolikumbatia lile bega kwa mkono mwingine, kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani na hajui mama yake atarudi lini. Akaiweka kumi na moja ndani ya beseni, akatoka uani, akapita nyuma ya choo, akakaa huko.

"Atarudi," mama mkwe akasema. "Huko kuna nzi."

*

Kepteni alikuja mchana kuchukua jezi, na nyuma yake alikuwa kinyozi, mtu wa makamo, mdogo kwa Winga, mwenye ndevu zilizochorwa kwa mstari. Kinyozi alikuwa ameshavaa bukta chini ya koti, ingawa mechi ilikuwa kesho yake.

"Nimemleta akae benchi tu," kepteni akasema. "Tahadhari."

"Jezi yangu imekauka?" kinyozi akauliza.

"Una jezi hapa?" mama mkwe akamuuliza. "Mimi naona una ndevu tu."

Winga alikuwa amesharudi, amekaa kwenye kigoda. Jezi zote zilikuwa zimekauka isipokuwa moja.

"Winga, mguu?"

"Hauumi."

"Si nilisema!"

"Hauumi, kepteni, lakini hauna kitu ndani."

Kepteni akachuchumaa mbele yake, akashusha sauti. Na kwa kweli alisema kama rafiki, ndiyo maana ilikuwa ngumu. "Sikiliza. Dakika tano. Unaingia, unasimama pembeni kule ulikozoea, mpira hatukupi kabisa, nawaambia watu wasikutazame. Sheria inasema kukanyaga uwanja. Haikusema kukimbia. Unatoka, namba yako, unakwenda kupona mpaka ukichoka kupona. Nani atakayejua?"

Mke wa dobi alikuwa anakunja jezi. Mikono ikasimama. Hata yeye aliliona lile jambo lilivyo zuri, dakika tano tu, kusimama tu. Akamwona mumewe naye analiona. Na akajua pia, kama Winga alivyojua, kwamba mpira ukipita pembeni mwa yule mtu, atamtangulia hata Mungu kuufuata.

Winga akainuka. Akaenda katikati ya ua. Akaweka mikono yote miwili kichwani, vidole vimeshikana, kama mwanafunzi aliyetolewa nje ya darasa.

"Kepteni, nitazame."

Akakunja mguu mzima. Akajaribu kuinuka.

Kepteni alicheka mwanzo, akidhani ni mzaha, maana Winga ni mtu wa mizaha. Kinyozi naye akacheka kwa kumfuata. Winga akajaribu tena, mikono ikiwa palepale kichwani, na jasho likamtoka kwenye lile paji lake kubwa. Kisigino hakikuachana na udongo. Kepteni akaacha kucheka. Winga akajaribu mara nyingine, na hiyo hakuna aliyemwomba.

"Basi," kepteni akasema. "Basi, Winga. Shusha mikono."

Winga akashusha mikono. Akaenda kwenye beseni, akaitoa kumi na moja, bado mbichi, akaikamua vizuri, mara moja kwa nguvu na mara moja taratibu. Akampa kinyozi mkononi.

"Usiipigie pasi," akasema. "Inayeyuka."

Kinyozi aliipokea kama mtu aliyepewa mtoto mchanga, akakosa pa kuishika. Ndevu zake zote zikawa hazina kazi. "Ahsante, mzee," akasema, na hilo mzee, ambalo Winga alikuwa amelikwepa miaka yote kwa kukimbia pembeni, likamkuta amesimama.

Kepteni alitupia mfuko begani. Mlangoni akakumbuka jambo, akajikuna shingo.

"Shemeji, sasa... jezi mtaendelea kufua?"

"Tutafua," mama mkwe akajibu kabla ya wote. "Ila mwanangu si mchezaji tena. Kwa hiyo mtalipa, kama karani."

*

Jumapili jioni hawakwenda uwanjani. Kelele zilifika zenyewe, zikipanda na kushuka juu ya mabati, na kila zilipopanda Winga aliinua kichwa, akakirudisha. Aliamua kumaliza paja la karani. Alilowesha kitambaa kwa siki, akapitisha pasi kwa ule mkono wake wa zamani, mwepesi, pasi ikigusa kidogo tu na kuondoka. Mkewe alikuwa amelala kwenye jamvi, bega limewekewa kitambaa cha moto alichokikunja Winga mwenyewe, kwa mistari iliyonyooka hata isiyohitajika.

"Kesho nakwenda kwa yule binti," Winga akasema.

"Ukifika mwambie mikono imepona vizuri sana," mama yake akamjibu toka kizingitini.

Winga akainua suruali kwenye mwanga wa mwisho wa mlangoni. Nyeusi tupu, haing'ai popote. Akaikunja, akaiweka kando, akaiweka pasi juu ya kigae chake. Halafu akasogea ukutani mbali na meza, akakunja mguu mzima, akaweka vidole viwili kwenye ukuta, vidole viwili tu.

Mkewe akafumba macho, asimwone, asikilize tu. Kule uwanjani watu wakapiga yowe kubwa, goli la nani hakuna aliyejua. Likachukua muda yowe lile kuisha. Lilipoisha akasikia pumzi ya mumewe, ndefu, ya mtu anayevuta kitu kizito kutoka chini kabisa.

"Nusu ya moja," Winga akasema.

Mkaa ukapasuka ndani ya pasi.

"Nusu," akasema tena.